Kupiga Taa Mara Mbili

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, katikati ya somo la kurudi nyuma. Binti yangu amegonga pipa la mwisho. Nilimwambia pipa halina makosa, limesimama palepale tangu jana. Akasema, "Mama, na wewe usinikodolee macho." Nikamkumbusha kwamba ndani ya gari mimi si Mama, ni Mwalimu.

"Haya, Mwalimu, usinikodolee macho."

Nafungua daftari hili kama ninavyofanya kwa kila mwanafunzi, niandike anavyoendelea. Ana wiki nane za kujifunza. Mwisho wa Aprili mkaguzi kutoka nchi ya pili, ng'ambo ya mpaka, atampima, na akifaulu atapewa leseni ya kuendesha lori huku na kule, kazi ileile iliyomuua baba yake. Nilikataa mara tatu. Mara ya nne akaniambia atakwenda kujifunza kwa watu wengine, nami nawajua hao watu wengine. Basi nikachukua funguo.

Jumatano, Machi 5

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mazoezi, darasani tu.

Shule yetu ni chumba kimoja, uwanja wenye mapipa kumi na mawili, gari dogo na lori kuukuu, hatua mia mbili kutoka kizuizi cha mpaka. Aliianzisha marehemu baba. Ukutani aliandika kwa rangi ya mafuta jedwali lenye safu mbili, KWETU na KWAO. Kwetu gari hushika kushoto, kwao kulia. Kwetu usukani uko kulia, kwao kushoto. Kwetu honi ni tusi, kwao ni salamu. Kwetu gari likiharibika unaweka matawi barabarani, kwao wanapanga mawe, na wakiondoka wanayasahau. Wanafunzi hukariri hayo yote kama watoto wa chekechea, wakicheka.

Mstari wa mwisho niliuongeza mwenyewe baada ya kurithi shule: KUPIGA TAA MARA MBILI, MAANA YAKE PITA WEWE. POPOTE. Neno hilo la mwisho nililiandika kwa rangi nyekundu, maana nilichoka kuulizwa.

Kati ya kizuizi chetu na chao kuna kilomita moja na ushee ya barabara isiyo ya mtu. Tunaiita Katikati. Ina daraja la zamani la upana wa gari moja, na ukishalivuka ndipo unapohamia upande wao. Ruhusa ya shule ni kufika mdomo wa daraja na kugeuza. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, na sijawahi kuvuka. Kazi yangu ni kuwafikisha watu pale. Kuvuka ni shauri lao.

Jumapili, Machi 9

Nimesafisha gari dogo. Kiti cha dereva kiko mbele kabisa, na miaka mitatu hii kila mwanafunzi akimaliza hukirudisha hapohapo. Zamani haikuwa hivi. Mume wangu alikuwa na miguu mirefu kama korongo; akiliazima gari hili hata kwenda hapo tu kununua sabuni, alikisukuma kiti nyuma mpaka mwisho na kukiacha hukohuko. Mimi nikiingia, miguu inaning'inia, haifiki kwenye klachi. Nilimgombeza kwa hilo kila wiki ya ndoa yetu. Alikuwa akicheka tu. "Shida si kiti, mke wangu, shida ni kimo."

Binti amerithi kimo changu. Hakuna tena wa kugombezwa.

Jumatano, Machi 12

Leo tumefika darajani na lori. Saa mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya mto, hata kingo za daraja hazionekani vizuri. Binti alisimama mahali pake, akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono. Sikuwa na la kusahihisha.

Ndipo upande wa pili taa zikawaka. Mara moja, mara mbili, zikazima.

"Anatupisha, Mwalimu," akasema. "Nimshukuru?"

"Mshukuru, halafu geuza. Ruhusa yetu inaishia hapa."

Akapiga taa, akageuza. Tukasimama kando tumpishe yule aliyekuwa muungwana kiasi hicho. Tukangoja. Hakuna gari lililokuja. Hatukusikia hata injini.

Tuliporudi nilimuuliza Mzee wa kizuizi, anayefungua na kufunga mti wa kizuizi tangu mimi ni msichana, ni gari gani lililokuwa likitoka kule. Akafunua kitabu chake, akanionyesha kwa kidole. Tangu alfajiri hakuna lililoingia Katikati ila letu.

"Labda liligeuza," nikasema.

"Labda," akasema, akakifunga kitabu.

Alhamisi, Machi 13

Mvua.

Jumatano, Machi 19

Tena. Ukungu uleule, saa ileile. Taa mara mbili, kisha kimya.

Sina budi kuandika kilichotokea, maana kinanisonga. Miaka mitatu iliyopita, masika kama haya, mume wangu aliondoka na lori tupu. Mzee wa kizuizi alikuwa amesimama penye mti wake. Aliona taa za lori la kule zikiwaka mara mbili kwenye ukungu, akasikia mume wangu akiingiza gia, akamsikia akiingia darajani. Na yule mwenziwe, aliyekuwa amebeba mzigo wa saruji, akaingia pia. Walikutana katikati ya daraja. Wote wawili walikwenda na mto.

Ripoti yetu ilisema dereva mgeni alimkaribisha mwenzake kisha akamgonga. Ripoti yao sijaisoma. Nimewachukia watu wa kule tangu siku hiyo, na sioni sababu ya kuficha. Mtu akuite kwa mkono mmoja, akuue kwa mwingine?

Lakini leo, nilipoziona taa zile, sikuhisi chuki. Nilihisi kama naitwa na mtu ninayemjua.

Jumatatu, Machi 24

Madereva wa kule wana mambo. Leo ukungu ulipopungua kidogo niliwaona kwa macho yangu. Wakifika mwisho wao wa daraja wanasimama, wanazima taa zote, wanazima na injini, wanakaa gizani mchana kweupe. Nimehesabu: sekunde arobaini kamili. Halafu wanawasha na kuja, polepole, na uso wa mtu aliyetoka msibani.

"Wanasinzia," nikamwambia Mzee. "Na mzigo wa watu mgongoni."

"Waache, Mwalimu. Kila mtu na yake."

Wetu hawana upuuzi huo. Wakiona taa wanapita.

Jumatano, Aprili 2

Nimekwenda darajani peke yangu kwa miguu, nikiwa na mwavuli. Sikumwambia Binti.

Nilisimama pale mpaka viatu vikajaa maji. Taa zikaja. Nikasema kwa sauti, kama mwendawazimu, "Kama ni wewe, mtoto wako anataka kazi yako. Nimruhusu?" Zikawaka tena. Mara moja, mara mbili.

Nimerudi nalia na kucheka. Pita. Amesema apite. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimelala mchana kama mtoto.

Kitu kimoja tu. Taa za lori lake zilikuwa nyeupe, nilimnunulia mwenyewe. Hizi ni za njano. Lakini ukungu hubadilisha rangi ya kila kitu.

Ijumaa, Aprili 4

Amepaki kati ya mapipa bila kugusa hata moja. Nimempa alama tano kati ya tano, nikajifanya nimempa nne.

Jumatano, Aprili 9

Mwandiko utasomeka unavyosomeka.

Tulifika mdomo wa daraja saa mbili kasoro. Ukungu mzito kuliko siku zote, wa kukata kwa kisu. Zikaja zile taa, na safari hii hazikuwa upande wa pili; zilikuwa karibu na katikati ya daraja. Mara mbili. Binti akanitazama.

"Mwalimu, mtihani utakuwa wa kuvuka. Niingie kidogo tu nizoee? Si ametupisha."

Nilipaswa kukataa, ruhusa hatuna. Lakini kichwani mwangu ilikuwa ni baba yake anayemwita. Nikasema, "Ingia."

Akaingia. Magurudumu ya mbele yalipopanda tu mbao za daraja, taa zikawaka tena, zikabaki zimewaka, zikaanza kuja. Hazikupunguza mwendo. Daraja lote likaanza kutikisika kama linabeba mzigo wa tani thelathini, na honi ikalia, ndefu, ya hasira. Binti alikanyaga breki, akajaribu kurudi nyuma, gia ikakataa. Nilivuta breki ya mkono nikamkumbatia kichwa. Nilifumba macho. Nilikuwa na hakika tumekwisha.

Kisha kimya. Mto tu chini. Nilipofumbua macho mbele yetu palikuwa na daraja tupu na mvua.

Alirudi nyuma mwenyewe, bila kukosea, mpaka barabarani. Hapo ndipo akauachia usukani. Hakuniita Mwalimu.

"Mama," akasema, "aliyetupisha ndiye aliyetujia."

 Maneno yaleyale niliyoyasema mimi siku ya mazishi.

Alhamisi, Aprili 10

Leo mkaguzi wa kule amekuja kukagua shule kabla ya mtihani. Mtu mfupi, mpole, koti limemzidi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alisoma leseni yangu, akapima matairi kwa sarafu, akaomba kuona darasa. Akasimama mbele ya jedwali na kulisoma taratibu toka juu. Penye mawe barabarani akacheka. "Mmetuweza," akasema. Alipofika mstari wa mwisho, akaacha kucheka.

"Mwalimu, hili nani ameliandika?"

"Mimi."

"Popote?"

"Popote. Kuna shida?"

Akavua kofia. "Kitabuni halimo, kwenu wala kwetu, kwa hiyo sikulaumu. Ni desturi tu. Lakini kwetu taa mara mbili si kumkaribisha mtu. Ni kumwambia kaa hapohapo, napita mimi. Hasa mwenye mzigo. Mwenye mzigo hawezi kusimama mlimani, ndiyo maana anaomba njia mapema."

 Nikauliza kwa nini basi madereva wao wanasinzia darajani wakati wa masika.

"Hawasinzii. Wako nyuma yake."

"Nyuma ya nani?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Yule wa saruji. Aliomba njia, hakupewa. Wetu wakizikuta taa zake wanazima zao, wanahesabu arobaini, muda wa lori lenye mzigo kuvuka daraja. Wanampa nafasi. Lakini haendi, Mwalimu. Sisi tuko nyuma yake tu. Wa kumpisha ni wa upande wenu, na wa upande wenu kila akiomba njia, wao ndio wanaingia." Akavaa kofia. "Nasema ninayoyasikia. Mimi ni mkaguzi, siandiki mambo hayo kwenye fomu."

Akaniaga vizuri. Nilimpa chai, hata sikumbuki kama alikunywa.

Ijumaa, Aprili 11

Sikufundisha.

Jumamosi, Aprili 12

Sikufundisha.

Jumatatu, Aprili 14

Kuna jambo ambalo sijaliandika popote, hata humu.

Mume wangu alikuwa mwanafunzi wangu kabla ya kuwa mume wangu. Alikaa dawati la pili, magoti hayaingii chini ya meza. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga gia, kupaki, na mstari wa mwisho wa jedwali. Na miaka kumi baadaye, aliporudi kutoka safari moja, aliniambia akila, "Mke wangu, wale wenzetu taa wanazitumia vingine. Ungeuangalia ule mstari wako." Nikamjibu kwamba yeye ndiye hakuelewa, na kwamba shuleni kwangu hakuna mwanafunzi wa kunisahihisha. Tulicheka. Hakurudia tena. Alikuwa mtu wa kufuata nilichosema, hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake.

Kwa hiyo yule mgeni hakumuua. Mgeni aliomba njia kwa lugha ya kwao, na mume wangu akaingia darajani kwa kunitii mimi.

Leo asubuhi nilimweka Binti darasani, nikamwambia yote, nimesimama ubaoni kama natoa somo. Sikukaa. Ningekaa nisingemaliza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikwangua rangi ya meza kwa ukucha.

"Miaka mitatu umekuwa ukiwatukana watu wa watu," akasema.

"Ndiyo."

"Na Jumatano iliyopita uliniambia niingie."

"Ndiyo, mwanangu."

Akatoka. Nikasikia hatua zake zikienda uwanjani, nikasema basi, nimempoteza na huyu. Baada ya robo saa akarudi na kopo la rangi nyeupe na brashi, akaviweka mbele yangu kwa kishindo.

"Futa," akasema. "Halafu unifundishe upya."

Jumanne, Aprili 15

Jedwali lina doa jeupe. Nyekundu bado inaonekana kwa chini. Nimepaka mara tatu.

Jumapili, Aprili 20

Hatuongei sana. Lakini amenipigia nguo zangu pasi.

Ijumaa, Aprili 25

Nimemwambia anaweza kuahirisha, mtihani upo tena kiangazi, hakuna ukungu.

"Na yeye akae pale mpaka lini?" akaniuliza.

Sikujua anamsema nani kati ya wale wawili, baba yake au yule wa saruji. 

Jumatatu, Aprili 28

Nitaandika yote leo, kwa mpangilio.

Nimelipaki gari dogo kando ya kizuizi saa moja na nusu, nikalifunga, ufunguo nikautia mfukoni. Mkaguzi alifika na lori la mtihani kutoka kwao, lenye usukani kulia kama letu, maana hapa ndipo mwanafunzi anapoanzia. Binti akapanda. Hakunitazama mpaka alipofunga mlango. Ndipo akashusha kioo.

"Mwalimu," akasema. "Arobaini?"

"Arobaini. Usiharakishe."

Mzee akainua mti. Lori likaingia Katikati, ukungu ukalimeza kabla sijashusha mkono.

Nikabaki na Mzee. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Tulisikia injini ikienda mpaka darajani, ikapunguza. Kule mbali, juu zaidi ya sauti ile, niliona mng'ao wa njano. Mara moja, mara mbili.

Sijawahi kuomba kama nilivyoomba dakika ile. Kama Binti ataingia darajani, ataingia kwa sababu ya miaka yangu ishirini na miwili ya kufundisha, na daraja ni lilelile.

Injini ya Binti ikasogea kidogo kushoto, changarawe ikalia. Ikazima.

Nikaanza kuhesabu. Nilipofika tisa, nikasikia lori jingine likiingiza gia. Lori lenye mzigo mkubwa. Mbao za daraja zikaanza kulia moja baada ya nyingine, taratibu, kutoka kule kuja huku. Kumi na tano. Ishirini. Mzee alikuwa amekivua kikofia chake. Thelathini. Zile mbao zikaisha, ikaja sauti ya matairi kwenye lami yenye maji, ikitujia.

 Mzee akainua mti.

Hatukuona gari. Nataka hilo lieleweke. Tuliona ukungu ukifunguka katikati na maji ya barabarani yakitawanyika pande mbili. Nilisikia harufu ya dizeli na turubai lililolowa. Ile sauti ikasimama mbele yetu, karibu kiasi cha kugusa, ikaunguruma palepale. Mlango ukafunguka. Mlango ukafungwa. Honi ikalia mara moja, fupi, ile ambayo kwao ni salamu, kisha ikaondoka kuelekea mjini na kupotea.

Mzee akachukua kalamu, akaishika juu ya kitabu muda mrefu, akairudisha mahali pake. Akashusha mti.

Kule darajani injini ya Binti ikawaka, ikavuka.

Amerudi saa nne na nusu kwa miguu, kwenye mvua, leseni ameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitia ndani ya blauzi. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Tukakaa kwenye benchi la Mzee, akanisimulia.

"Nilizima taa, nikazima injini. Mkaguzi alitazama magoti yake tu. Likapita, Mama, polepole, kwa upande wangu. Nikamwona aliyekaa kiti cha kulia, nikasema huyo ndiye dereva. Lakini mbele yake hapakuwa na usukani."

"Malori yao usukani uko kushoto," nikasema, kama niko darasani.

"Najua. Aliyekuwa anaendesha ni mwingine, sikumwona vizuri. Huyu wa kulia alikuwa amekaa tu, mikono juu ya magoti. Magoti yenyewe yamefika kwenye kioo. Kama mtu aliyepewa lifti."

 Mzee aliingia kibandani akajifanya anatafuta kitu.

Tukaenda kwenye gari dogo. Nilitoa ufunguo mfukoni, nikafungua mlango wangu, nikamfungulia Binti wake. Nikaketi, nikanyoosha mguu kutafuta klachi.

Mguu haukufika.

Nikanyoosha mwingine. Nao ukaning'inia. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli.

Nilishika usukani kwa mikono yote miwili. Kanyagio zote zilikuwa kavu, mbali, kama za gari la mtu mwingine. Binti alikuwa amekwisha kufunga mkanda, anatazama mbele, leseni mapajani.

"Mama, mbona hatuondoki?"

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Kwanza nimgombeze baba yako."